Antena Iliyoupa Mnara Mgongo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, msije mkahangaika kumtafuta mjinga katikati ya hadithi, maana humu wamo watu wenye vyeo na mngeweza kuwashuku bure.

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa hofu. Kutaja jina la nchi yetu kunahitaji kibali, na mwenye muhuri yuko semina tangu masika ya mwaka juzi. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye wimbo wa taifa wa beti kumi na nane na televisheni moja ya umma. Hiyo televisheni ndiyo iliyotutangazia kwamba inahama kutoka analojia kwenda digitali. Hatukushtuka. Kuhama tumezoea. Soko letu limehamishwa, stendi imehamishwa, babu yangu mzaa baba amehamishwa mara mbili na alikwisha kufa zamani. Picha nayo ikihama, nani atainua kichwa?

Tatizo lilikuwa Orodha.

Serikali iliamua kwamba nyumba zitakazobomolewa kwa ajili ya maendeleo zisomwe kwenye televisheni kila siku, saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari. Ukiona nyumba yako imesomwa, unazo siku tatu za kwenda wilayani kupinga. Siku tatu zikipita kimya, nyumba inahesabiwa kuwa imekubali yenyewe. Redio ilikatazwa kuisoma Orodha, kwa sababu waziri alieleza kwamba Orodha ni jambo la kuonwa, na redio ina kasoro ya kutoonekana. Magazeti yaliambiwa yasubiri mpaka nyumba zianguke kwanza, ili yaandike ukweli.

Sasa mimi na mke wangu Sikudhani tunayo nyumba moja tu duniani. Vyumba viwili, ukumbi, na ua wenye mpapai. Matofali tulifyatua wenyewe kwa miaka kumi na mmoja, yeye akichota maji, mimi nikikanyaga udongo, na bati la mwisho tulilipandisha wiki aliyoolewa binti yetu Rukia ili wakwe wasinyeshewe. Kwa hiyo saa saba mchana ilikuwa saa yangu ya kutokwa jasho. Nilitaka kuona. Na ili uone, tukaambiwa, ufunge antena ya nje.

*

Duka la antena lilikuwa moja, nalo halikuwa la watu wa mawasiliano. Ilikuwa hivi. Waraka uliopelekwa kwenye baraza la mawaziri ulizungumzia "kuboresha mapokezi ya mawimbi". Mawaziri wakalisoma hilo neno mapokezi, wakaulizana: katika nchi hii mapokezi yako chini ya nani? Jibu lilikuwa rahisi. Yako chini ya Idara ya Mapokezi, ile inayopanga ngoma na mashada ya maua uwanja wa ndege wanapokuja wageni wa taifa. Basi mawimbi yakakabidhiwa kwao. Wizara ya Uvuvi ilikata rufaa, ikidai mawimbi ni yake tangu enzi za mababu, lakini ilijaza fomu ya kijani mahali pa fomu ya njano, ikashindwa.

Siku nilipofika dukani alikuwepo Mkurugenzi wa Mapokezi mwenyewe, Mheshimiwa Kilongola. Mrefu, tumbo la heshima, glavu nyeupe mikononi. Alikuwa amepokea marais kumi na mmoja katika maisha yake, na ukimtazama unaona bado anamsubiri wa kumi na mbili. Alipanda juu ya kreti la soda akatuhutubia.

"Ndugu wananchi! Mawimbi ni nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Mawimbi ni wageni! Yanasafiri angani, yamechoka, yana vumbi la safari, yanatafuta pa kufikia. Je, mgeni anapokelewa kwa mgongo?"

"Haaapana!"

"Na katika nchi hii, kila jambo jema linatoka wapi?"

"Ikuluuu!"

"Basi antena zote zitaelekea wapi?"

"Ikulu!" Niliitikia mimi, kwa sauti kuliko wote, hata mama mmoja mbele yangu akaziba sikio. Mheshimiwa akanitazama kwa upendo, akaamuru nipelekwe mbele ya foleni. Mnaona jinsi ujinga unavyolipwa papo hapo? Akili ndiyo hukopwa.

Nyuma ya meza alikuwa Fundi Hizza, kijana wa mtaani kwetu, ambaye alikuwa akitengeneza redio kabla ya serikali kugundua kwamba anajua kitu na kumwajiri ili akinyamazie.

"Shikamoo, mzee Mbaruku."

"Marahaba, fundi. Nipe antena."

"Zipo za daraja tatu, mzee. Antena ya Raia, Antena ya Raia Mwema, na Antena ya Raia Mwema Sana."

Akazionyesha. Ya Raia ilikuwa ndogo kama kitana. Ya Raia Mwema Sana ilikuwa bomba refu kama mita mbili, lenye miiba pande zote kama mfupa wa nguru aliyekwisha kuliwa, na chini yake kikopo cha kuongeza nguvu.

"Hiyo," nikasema, nikinyooshea mfupa.

Fundi akainama kama anayetafuta msumari. "Mzee wangu, si unakaa Kwa Mpapai, chini ya Shemeji?"

"Hapo hapo."

"Basi wewe hata uma wa kulia wali ungekutosha. Chukua ndogo. Antena haichaguliwi kwa ukubwa kama ng'ombe wa mahari. Kwanza unauliza mnara uko upande gani. Pili, uko mbali kiasi gani. Tatu, kati yako na mnara kuna kilima au ghorofa? Ukubwa ni swali la mwisho kabisa. Huo mfupa na kikopo chake ni wa watu wa bondeni, kilomita sabini huko. Ukiufunga karibu na mnara, king'amuzi chako kitakuwa kama mtu aliyepigiwa tarumbeta ndani ya sikio. Kitachanganyikiwa."

"Lakini huu umeandikwa DIGITALI."

"Maandishi ni ya boksi, mzee. Antena ni mabomba na waya. Haijui digitali wala analojia. Inajua imeelekea wapi, basi."

"Haya, fundi," nikamtania, "na mnara uko upande gani?"

Akainuka, akatazama dari. "Hilo sheria hainiruhusu kulijua."

*

Hapa inabidi niwaeleze habari za Shemeji.

Mnara wa matangazo wa nchi yetu uko mtaani kwetu. Ni mrefu, una rangi nyekundu na nyeupe, una taa kileleni, na mgeni akiwa bado anashuka kwenye basi mji wa pili anauona. Lakini Sheria ya Minara inasema mahali ulipo mnara ni siri ya taifa. Anayenyoosha kidole kuelekea mnara, au anayeonyesha kwa namna yoyote mahali ulipo, anakwenda ndani miezi sita. Jirani yetu muuza kahawa alinaswa na Kifungu cha Kidole. Alijitetea kwamba alikuwa akimwonyesha mwanawe kunguru. Hakimu akamuuliza, kunguru alikuwa amekaa juu ya nini? Muuza kahawa akawaza, akaona kila jibu lina miezi sita ndani yake, akanyamaza. Akapewa miezi sita kwa kunyamaza.

Tangu hapo mtaani tuliuita mnara Shemeji. Shemeji unamwona kila siku, anapita mlangoni kwako, lakini humkodolei macho. Asubuhi kivuli chake kilikuwa kinalala uani mwetu, na Sikudhani alikuwa akiukwepesha mkeka wake wa mihogo hatua kwa hatua, ili mihogo ipate jua. Hakuhitaji saa. "Shemeji ameshavuka mpapai," angeniambia, "amka ukanywe uji."

Mtu mwenye kivuli cha mnara uani mwake, akaenda kununua antena ya kilomita sabini. Niliwaambia msimtafute mjinga.

*

Nikaupandisha mfupa juu ya bati. Sikudhani alinishikia ngazi kwa mkono mmoja na waya kwa mkono mwingine. Nilikuwa na karatasi ya Idara yenye mchoro wa dira: Ikulu iko magharibi. Shemeji yuko mashariki. Nikakaza nati.

"Baba Rukia," mke wangu akasema kutoka chini, "huyo unayempa mgongo ni nani?"

"Simpi mtu mgongo. Nimeelekeza Ikulu."

"Ikulu inarusha matangazo?"

"Ikulu inarusha kila kitu."

"Mimi nimeiona ikirusha njiwa siku ya uhuru. Matangazo sijayaona."

"Mama Rukia, kila mtu ameelekeza huko."

"Na kila mtu anaona?"

Nikashuka. Tukawasha. Kioo kikawa cheusi, na katikati yakatokea maneno mawili meupe: HAKUNA MAWIMBI. Tukakaa tukayatazama, kama watu waliofika msibani kabla ya wenye msiba. Nikamwambia tuwe na subira, mawimbi ni wageni, huenda bado yako njiani. Sikudhani akaniambia wageni wako nyuma ya nyumba, wanapiga hodi kisogoni.

"Nipe spana," akasema.

Sikumpa. Kwa sababu Jumamosi walikuwa wanakuja wakaguzi wa antena.

*

Walikuja wawili. Mheshimiwa Kilongola mwenyewe, kwa kuwa mimi nilikuwa raia wa mfano, na Afande Jongo wa Usalama wa Minara, mtu mfupi mwenye daftari jeusi na penseli aliyokuwa akiilamba kabla ya kila neno. Afande Jongo hakuwa chini ya Mheshimiwa, wala Mheshimiwa hakuwa chini yake. Kila mmoja aliwekwa ili amwangalie mwenzake, na sisi tuliwekwa ili tugharimie chai.

Walipima antena kwa dira. Mheshimiwa akapiga makofi kwa glavu, hayakutoa sauti. "Sawasawa kabisa! Uso kwa uso na Ikulu!" Kisha wakaingia ukumbini, wakasimama mbele ya kioo cheusi.

"Ndugu Mbaruku, unaona?"

Huu ndio mlango nilioingilia mtegoni. Asiyeona, kwa kanuni, alihesabiwa kuwa amekaidi mawimbi, na aliyekaidi mawimbi alinyang'anywa antena. Nikawaza: bila antena sitaiona Orodha. Kumbe na kwa antena nilikuwa siioni, lakini woga hauna hesabu.

"Naona," nikasema. Na sikusema uongo. Niliyaona maneno mawili.

"Picha ni safi?"

"Safi sana, Mheshimiwa. Haina hata mtu."

Akafurahi. Akatoa Hati ya Kuona, nikatia sahihi: *Mimi ninayetajwa hapo juu naona, nimekuwa nikiona, na nitaendelea kuona.* Akanibandikia mlangoni karatasi yenye nembo: NYUMBA HII INAONA.

"Na mama atatia sahihi?"

"Miwani yangu iko kwa Rukia," Sikudhani akajibu, akaenda kugeuza mihogo.

Walipoondoka akaidai tena spana. Nikaikalia. Naapa, Jumapili yote niliikalia spana kwenye kiti cha uvivu, nikiogopa jirani asije akaona antena imegeuka akaenda kusema. Jumatatu saa saba tukawasha, HAKUNA MAWIMBI. Jumanne, hivyo hivyo. Jumatano Sikudhani hakuja ukumbini. Alhamisi nilikaa peke yangu nikitazama giza kwa uaminifu, na nikajikuta nimepiga miayo mpaka machozi, nisijue ni uchovu au ni jambo jingine.

*

Ijumaa saa mbili asubuhi nikasikia tingatinga. Lilikuwa limesimama mbele ya mpapai, likinguruma, na dereva wake anakula muhogo wa kuchoma. Mheshimiwa Kilongola alikuwa amesimama mbele yake na glavu zake, Afande Jongo pembeni na daftari lake.

"Hongera, ndugu Mbaruku!" akasema Mheshimiwa. "Nyumba yako imechaguliwa. Hapa patajengwa Jukwaa Kuu la Kupokelea Mawimbi. Kutakuwa na viti vya wageni, zulia jekundu, na ngoma kutoka mikoa yote. Mawimbi hayajawahi kupokelewa rasmi tangu uhuru. Ni aibu."

"Mheshimiwa, mbona sijaambiwa?"

"Ilisomwa Jumatatu. Saa saba na dakika kumi na mbili."

"Sikuona."

Akatabasamu. Akafungua mkoba, akatoa karatasi mbili, akaninyooshea moja: Hati yangu. "Soma sahihi hii."

"Ni yangu."

"Inasemaje?"

"Inasema naona."

"Nimekuwa nikiona, na?"

"Na nitaendelea kuona."

"Basi uliona. Uliona, ukanyamaza siku tatu. Nyumba imekubali. Au unataka kuiambia serikali kwamba ulitia sahihi uongo? Huo una kesi yake, na kesi hiyo nayo inabomolea nyumba."

Nimepigwa na dunia mara nyingi, ndugu zanguni. Nimeachishwa kazi na kiwanda ambacho baadaye kilikana kwamba kiliwahi kujengwa. Nimewahi kupewa cheti cha kifo changu kwa makosa ya karani, nikaambiwa nikirudishe mwenyewe kwa mkono. Yote hayo nilicheka. Asubuhi ile niliweka kiganja kwenye tofali la pembeni mwa mlango, lile lenye alama ya kidole gumba cha Rukia, aliyelibonyeza likiwa bado bichi akiwa na miaka minne, na kicheko hakikuja. Nikasema tu, "Mheshimiwa, angalau tutoe vyombo."

"Dakika kumi," akasema, akamwinulia dereva mkono.

Hapo ndipo Sikudhani alipotokea uani, unga wa mihogo mpaka kwenye viwiko, kanga kaifunga kiunoni.

"Hamjambo, wanangu. Hiyo karatasi nyingine mkononi ndiyo amri?"

"Ndiyo amri, mama."

"Nisomee. Miwani yangu bado iko kwa Rukia."

Mheshimiwa alipenda kusoma mbele ya watu, na watu walishaanza kujaa. Akakohoa, akasoma kwa sauti ya uwanja wa ndege: "Nyumba ya Mbaruku Kitojo, yenye mpapai, iliyo hatua mia mbili magharibi ya mnara wa matangazo, ibomolewe."

"Rudia hapo kwenye hatua."

"Hatua mia mbili magharibi ya mnara wa matangazo."

"Mnara upi?"

Dereva akaacha kutafuna.

"Mama, mnara unaujua," akasema Mheshimiwa.

"Mimi? Sheria hainiruhusu. Afande, mimi naujua mnara ulipo?"

Afande Jongo akalamba penseli. "Hujui, mama. Hakuna raia anayejua."

"Haya. Zipo nyumba nyingi zenye mipapai. Hii ya kwetu iko hatua mia mbili kutoka kwenye mnara, au hatua elfu mbili? Mbele yake au nyuma yake? Msije mkavunja nyumba ya watu wasiohusika, serikali ikaaibika."

"Ni hii! Kila mtu anauona mnara!"

"Nani anauona, Mheshimiwa?" akauliza Afande Jongo kwa upole mkubwa, penseli ikiwa tayari juu ya karatasi. Nadhani alikuwa ameusubiri mwaka mzima upole huo.

"Hakuna anayeuona," Mheshimiwa akajisahihisha haraka. "Nilitaka kusema, mnara upo. Upo kwa mujibu wa sheria."

"Kama hakuna anayeuona," Sikudhani akasema, "hizo hatua mia mbili mlianzia kuhesabu wapi?"

Mtu mmoja akacheka nyuma, akajifanya anakohoa. Dereva akazima tingatinga, hata tukasikia mfupa wangu wa nguru ukilia kwa upepo juu ya bati, bado umeikodolea macho Ikulu. Nikamvuta mke wangu kanga. "Mama Rukia, yaishe," nikamnong'oneza, maana mimi nilikuwa nimeshachoka, nilikuwa nimeshaanza kuipanga sufuria moja moja kichwani. Akautoa mkono wangu kama anayeondoa sisimizi.

Mheshimiwa Kilongola alikuwa ameiva uso. Marais kumi na mmoja hawakuwahi kumuuliza swali. "Mwanamke, usinichezee! Wewe na mimi na kila mwenye macho hapa tunajua kwamba mnara ni..." Na mkono wake ukapanda. Glavu ile nyeupe ikapita kiuno, ikapita kifua, ikafika usawa wa bega kuelekea mashariki, vidole vinne vikakunjika na cha tano kikaanza kunyooka. Kivuli cha Shemeji kilikuwa kimemlalia juu ya viatu. Afande Jongo akafungua ukurasa mpya.

Mke wangu akajipangusa unga kwenye kanga, akasogea kando ili amwachie nafasi.

"Nyoosha, baba, usione haya," akasema. "Mimi nitalala nje, na wewe utalala ndani."